Sketi Nyekundu ya Pikipiki

Habari za kifo cha Fundi Nkwabi zilinikuta Kahama mjini, saa nane mchana, nikiwa juu ya pikipiki yangu katikati ya malori mawili ya mizigo. Mbele kulikuwa na trekta lililokwama, nyuma honi zisizokoma, na jua la Oktoba halikuwa na huruma na mtu. Nilikuwa nimezima injini. Siku hizi nazima kila foleni inaposimama zaidi ya dakika moja, na vijana wa bodaboda hunicheka na kusema mzee anabana mafuta. Aliyepiga simu alikuwa Mama Minza, mke wa fundi. "Shija, fundi wako ametutoka asubuhi hii. Tunazika kesho, hapahapa Kagongwa." Nikamwambia pole mama, nitafika. Nikarudisha simu mfukoni, nikainama, nikasogeza kiganja karibu na silinda kupima joto, kama ninavyofanya kila siku. Foleni ilipofunguka niliwasha nikaondoka. Nilipeleka spea za watu, nikarudi dukani, nikala ubwabwa na maharage nikamaliza sahani. Jioni mke wangu aliposikia kuna msiba aliniangalia akasema, "Mbona unaongea kama unasoma tangazo?" Sikuwa nimejikaza kiume, wala sikuwa naficha machozi. Nilijitafuta ndani nikakuta hakuna kitu, na kwa kweli sikushangaa, maana nimeizoea hali hiyo tangu mwaka ule wa rashi, zile mbio za dhahabu.

Watu wakisimulia ujana wao huanza na baba na mama. Wangu nawaacha wapumzike, hawahusiki. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu dhahabu ilipolipuka kwenye mashamba ya mihogo upande wa Bugarama, mwendo wa nusu saa kwa pikipiki kutoka barabara kubwa. Ndani ya wiki tatu shamba likageuka mji. Wachimbaji kutoka Geita, Mara, Singida na kwingineko, mama lishe, wauza nguo, wahubiri, wanunuzi wa dhahabu na mizani zao, na sisi wa pikipiki. Nilipanga chumba ambacho ukikiita chumba unakisifu: miti minne, turubai juu, na kuta za viroba vilivyopasuliwa vikashonwa pamoja. Ukuta mmoja nilichangia na Fundi Nkwabi. Upande wake aliishi yeye, Mama Minza, na binti yao Minza wa miaka mitano. Mbele yao ndiyo ilikuwa karakana, banda la mabati matatu na gogo la kukalia wateja. Kupitia kiroba kile nilisikia kila kitu: wakipiga chafya, wakisali, wakibishana kama chumvi imezidi. Wao nao walinisikia. Nikirudi nimechoka bila kusema neno, Mama Minza aliita kutoka upande wa pili, "Shija, umekula?" Nami nikidanganya kwamba nimekula, alisema, "Tumbo lako linatuambia mengine huku."

Kwa hiyo nilikula kwao. Asubuhi ilikuwa chai na michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, vilivyochemshwa mpaka vikalainika. Mchana ugali wa muhogo na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga. Minza alikaa karibu yangu kwa sababu nilimruhusu kupiga honi ya pikipiki, na michembe yangu aliila kwanza kabla ya kumaliza yake. Aliniita Shija wa Honi. Fundi alikula kimya, mikono yake imeoshwa lakini kucha hazijawahi kukubali kutakata, na akimaliza ndipo alipoanza kunifundisha. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye Kiswahili cha Kisukuma kilichojaa subira. "Nyanda," alikuwa akiniita, yaani kijana, "hii injini yako haina maji kama ya gari. Haina feni. Feni yake ni mwendo. Ukienda, upepo unaingia kwenye haya mapezi ya chuma, joto linaondoka. Ukisimama kwenye foleni, feni imesimama. Sasa wewe na akili zako unaichukua unaivalisha sketi!"

Sketi ndilo jina alilolipa yeye lile turubai la mbele. Kila mwenye pikipiki pale alikuwa nalo. Lilishonwa na fundi viatu, likafungwa kuanzia chini ya usukani hadi kwenye vyuma vya miguu, likafunika miguu ya dereva na injini yote kwa mbele. Kazi yake ilikuwa kuzuia vumbi. Barabara ile malori yalikuwa yameisaga mpaka vumbi lake jekundu likawa laini kama unga, na wanunuzi wa dhahabu walikuja na suruali zilizopigwa pasi. Mnunuzi alipofika kijiweni hakuuliza nani ana breki nzima. Aliangalia nani ana turubai refu, akapanda hapo. Langu lilikuwa jekundu, lenye utepe mweupe pembeni na maandishi makubwa USINICHEKE. Nililipenda. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: nililifuta kila jioni kabla sijanawa uso wangu.

Mwezi wa tisa pikipiki ilianza kutoa moshi wa bluu na kunywa oili. Fundi aliifungua, akaingiza kidole ndani ya silinda, akatikisa kichwa kama daktari wa ng'ombe. Silinda ilikuwa imeliwa na joto. Ikabidi ichongwe upya na iwekwe pistoni kubwa zaidi. Alikwenda nayo Kahama kuchonga, akarudi, akafunga mwenyewe kwa siku nzima bila kuzungumza na mtu, akipima kwa ukucha na kwa mwanga wa jua. Alipomaliza alinikalisha kwenye gogo. "Nisikilize. Pistoni ni mpya, silinda ni mpya, hawajazoeana. Ni kama bibi na bwana harusi. Wiki tatu, usiikimbize. Usibebe wawili. Ukikuta foleni, zima, kaa pembeni kwenye kivuli, geuza injini itazame upepo. Ikipata moto usiimwagie maji, itapasuka. Na hiyo sketi, ondoa." Mama Minza alikuwa kisimani. Nikaiondoa mbele ya macho ya fundi, nikaikunja, nikaisukuma chini ya kitanda. Minza alilia akidhani pikipiki imevuliwa nguo kwa adhabu. Fundi alicheka siku ile. Nakumbuka kwa sababu hakuwa mtu wa kucheka.

Nilivumilia siku tatu. Siku ya nne mnunuzi mmoja niliyezoea kumbeba alikuja kijiweni, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Mimi sipandi pikipiki iliyo uchi," akapanda ya mwenzangu. Kijiwe kizima kikacheka. Kesho yake nilitoka na sketi nimeificha chini ya koti. Baada ya kona, penye ua wa minyaa ambapo kutoka karakana hapaonekani, nilisimama nikaifunga. Jioni, kwenye ua huohuo, niliifungua. Nilifanya hivyo kwa siku tisa, kwenda na kurudi, na sikuona kosa. Injini ilikuwa inalia vizuri. Nilijiambia fundi ni mtu mzima, wazee hupenda kuzidisha.

Siku ya kumi Fundi Nkwabi aliondoka alfajiri na lori kwenda Kahama kufuata ringi na minyororo. Kama saa nne nilikuwa kijiweni nimevalisha pikipiki yangu, nikamwona Mama Minza anakuja akikimbia bila viatu, Minza begani. Mtoto alikuwa ameshikwa na homa tangu usiku. Asubuhi degedege lilimkamata, likamwachia, likarudi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakunitazama. "Shija, twende Bugarama, kituo cha afya." Alishika sketi akajivuta kupanda, akamweka mtoto katikati yetu, nikahisi joto lake mgongoni kupitia koti. Watu wawili na mtoto, pistoni ya siku kumi na nne. Niliwasha.

Mpaka korongoni tulikwenda vizuri. Pale kwenye korongo kavu ndipo barabara inapobana, na siku hiyo lori la magogo ya kuegemeza mashimo lilikuwa limevunjika ekseli katikati ya kivuko. Nyuma yake malori, matrekta, pikipiki, punda, kila mtu anajipenyeza na hakuna anayekwenda. Tulisogea hatua moja, tukasimama. Hatua nyingine, tukasimama. Injini ilikuwa inanguruma pale chini, imefungiwa nyuma ya turubai, na mashavu ya miguu yangu yalianza kuungua. Nilijua. Sitaki mtu aseme nilikuwa kijana sikujua; nilikuwa nimefundishwa na nilijua. Kulikuwa na mti wa mgunga hatua ishirini kutoka pale. Ningezima, ningekata zile kamba za mpira nne, ningetupa sketi, upepo ungeingia, dakika kumi tu. Lakini Mama Minza angeniona naitoa. Angemwambia mumewe, hata kwa bahati mbaya tu, wakati wa kula, kwamba Shija alivua lile turubai njiani. Naye angejua kwamba nilimdanganya siku zote zile. Hiyo ndiyo sababu. Nimeitafutia sababu nzuri zaidi kwa miaka kumi na saba na sijaipata.

"Shija," alisema nyuma yangu, "kuna harufu ya kuungua."

"Ni lori la mbele, mama."

Nikaongeza resi, nikapenya kati ya trekta na ukingo. Katikati ya mchanga injini ikatoa mlio mmoja mkavu, ikakaza, gurudumu la nyuma likashika, tukaegemea ukingo. Nilipiga kiki, haikushuka. Ilikuwa imenoki, pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda. Mama Minza alishuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa khanga, akavuka korongo kwa miguu, nami nikapiga kelele kuomba pikipiki za upande wa pili. Zote zilikuwa na watu au mizigo. Ilipita muda mrefu, nusu saa au zaidi, kabla kijana mmoja hajashusha magunia yake ya mkaa akambeba. Mimi nilibaki kulinda chuma. Walipopotea kwenye vumbi nilitoa kisu, nikakata kamba nne, nikaikunja ile sketi na kuisukuma ndani kabisa ya kichaka, chini ya majani, na mchanga juu yake. Nadhani hapo ndipo kitu ndani yangu kilipozima.

Minza alifariki kituo cha afya kabla ya saa saba, wauguzi wakiwa bado wanamtafuta mshipa wa dripu. Muuguzi alimwambia mama yake kwamba homa ya namna ile huchukua watoto hata waliolala mlangoni pa hospitali. Inawezekana. Tulimzika Kagongwa, kwao, nami nilibeba jembe, nikafukia, nikanawa, nikala chakula cha msiba. Wanawake walisema tazama alivyojikaza, alikuwa kama kaka yake.

Baada ya wiki moja fundi na mkewe walirudi kuchukua vitu vyao. Fundi hakupumzika. Aliburuta pikipiki yangu, iliyokuwa imeegemezwa mlangoni kwangu, mpaka bandani akaifungua mchana uleule, nami nikakaa kwenye gogo. Pistoni ilitoka kwa kupigwa. Ilikuwa na michubuko mirefu pembeni, kama imekwaruzwa na kucha. Aliizungusha mkononi muda mrefu, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Ilikuwa na sketi?"

"Hapana, Fundi. Iko chini ya kitanda."

Kitanda kilikuwa hatua sita kutoka pale. Angeweza kwenda kuinama. Hakwenda, neno langu lilimtosha. Aliifuta ile pistoni kwa kitambaa, akaingia nayo ndani. Mimi nikaingia kwangu nikalala chali. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo kambi nzima hunyamaza kwa jua, na upande wa pili wa kiroba nikamsikia anasema, "Niliibana mno, Mama Minza. Nafasi niliyoiacha kwenye silinda ilikuwa ndogo. Kijana alinitii kila kitu, kosa ni la mkono wangu." Mkewe akamwambia ni kazi ya Mungu, Baba Minza, usijitwike. Yeye akarudia, "Niliibana mno." Nilikuwa naangalia maandishi ya mbolea kwenye kiroba, hatua moja kutoka mdomoni mwake. Ilitosha kukohoa na kuita. Nitasema nilichohisi, maana ndicho cha mwisho ninachokikumbuka vizuri: nilihisi nafuu. Nikaupa ukuta mgongo nikalala usingizi mpaka jioni.

Walihamia Kagongwa moja kwa moja. Mimi nilikwenda Katoro, nikarudi Kahama, nikaoa, nikafungua duka la spea. Nilimpitia mara chache. Alikuwa amekaa kando ya lami na pampu ya upepo na beseni la maji, anaziba pancha. Siku moja nilimwomba asikilize injini ya pikipiki yangu, akasema macho yamechoka, siku hizi hafungui. Nikaamini. Mtu akitaka kuamini kitu huwa hakosi sababu. Dukani kwangu huwaambia vijana wote wavue hayo maturubai, huwachorea mpaka chini kwenye vumbi upepo unapopita, na wakiniuliza nilijifunzia wapi nawatajia jina lake.

Kwenye msiba nilikuta watu wengi kuliko nilivyotarajia. Tulizika saa nane. Jirani mmoja alisimama kutoa neno, akamwita marehemu Mzee Pampu, mwenye kuziba pancha za watoto wa shule bila kuwadai, na waombolezaji wakaitikia kwa mguno. Hakuna aliyesema habari ya injini. Pale ndipo nilipoelewa kwamba kijiji kizima hakikuwahi kujua kwamba yule alikuwa fundi ambaye watu walimfuata kutoka Geita. Watu walipoanza kutawanyika Mama Minza alituma niitwe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka ndani, miguu ameinyoosha, nywele zimekuwa nyeupe zote. Bado wanamwita Mama Minza. Hawakupata mtoto mwingine. Nikamwamkia shikamoo mama, akaitikia marahaba, akanivuta nikae.

"Hawa wote wanamjua wa pampu," alisema. "Wewe peke yako ulimjua akiwa mzima, anafungua injini."

Akavuta kisanduku, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha khanga. Nilijua ni nini kabla hajafungua. Ile pistoni ilikuwa imesuguliwa mpaka inang'aa, lakini michubuko ilikuwa palepale. "Aliitoa kila mara joto la mwezi huu likianza. Anakaa nayo pale mlangoni, anaizungusha, anapitisha ukucha. Namwambia weka hiyo, mume wangu, inakula roho yako. Ananijibu mtoto wangu nilimchelewesha mwenyewe kwa mkono huu. Hata juzi, pumzi zinamwishia, anachora kwa kidole hivi, anapima. Nilitaka nimzike nayo, nikaona hapana, nikupe wewe. Ulimtii."

Ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka. Nikaiangalia. Nikasikia mdomo wangu unasema, kwa sauti ileile ambayo mke wangu huilalamikia, "Mama, ilikuwa na sketi. Alinikataza, nikaifunga kwa siri. Ndiyo iliyoziba upepo. Ulipoondoka pale korongoni niliikata nikaificha. Fundi hakuibana. Aliifunga sawasawa."

Nje mtu alikuwa anakusanya viti. "Ile nyekundu?" aliuliza mwishowe. "Yenye maandishi?"

"Ndiyo, mama."

"Niliishika nikipanda." Aliangalia kiganja chake. "Niliishika kwa mkono huu. Sikujua kama ilikatazwa. Hakuwahi kuniuliza, Shija, na mimi sikujua ni kitu cha kusema."

Nilingoja anipige, au alie, au awaite ndugu zake waliokuwa mlangoni. Nilitamani mojawapo. Aliinua mkono, akaichukua pistoni mikononi mwangu taratibu, akaifunga tena kwenye khanga, fundo moja, mafundo mawili, akairudisha kisandukuni na kukiweka upande wake wa mbali.

"Mume wangu alikuwa hapahapa, ungemwambia yeye," alisema. "Miaka yote hiyo, Shija, alikuwa hapahapa."